Majarida ya zamani ya katuni za mikasa kwa Kireno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kukusanya majarida haya, maswali yanayonijia ni yaleyale. Huulizwa na wanafunzi wa Kireno, na vijana wanaochora, na watu waliofungua sanduku la babu aliyewahi kufanya kazi Msumbiji wakakuta rundo la karatasi zilizogeuka manjano. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja. Mengine hayajibiki bila kukaa kitako.

Majarida haya ni yapi hasa?

Ni majarida ya watoto na vijana yaliyotoka Ureno na Brazili kila wiki, mengine mara mbili au tatu kwa wiki, kuanzia mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1980. Kila toleo lilibeba hadithi kadhaa za picha kwa wakati mmoja, kila moja ikipewa ukurasa au kurasa mbili tu: maharamia, mashujaa wa farasi, marubani wa ndege, wapelelezi, watu waliopotea msituni. Pembeni kulikuwa na hadithi za maandishi, mafumbo, barua za wasomaji, na karatasi ngumu za kukata na kuunda nyumba, meli au ndege.

Ukurasa wa mwisho wa kila hadithi ulikatika pale roho inapopanda juu. Chini yake neno moja: *Continua*. Ndiyo "Itaendelea" yetu. Aliyekulia Tanzania akisubiri toleo jipya la *Sani* anaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Majina utakayokutana nayo mara nyingi kwa upande wa Ureno ni *O Papagaio* (1935), *O Mosquito* (1936), *Diabrete* (1941), *Mundo de Aventuras* (1949), *Cavaleiro Andante* (1952) na *Tintin* la Kireno (1968). Kwa Brazili ni *O Tico-Tico* (1905), *Suplemento Juvenil* (1934), *O Globo Juvenil* (1937) na *Gibi* (1939).

Kwa nini kila mkusanyaji anaanza kwa kuitaja O Mosquito?

Kwa sababu inastahili. Ilitoka mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1936, Lisbon, ikiongozwa na watu wawili: António Cardoso Lopes, mchoraji aliyejulikana kwa watoto kama Tiotónio, na Raul Correia, aliyeandika karibu kila kitu. Bei ilikuwa sentavo 50, nusu ya escudo, fedha ya Ureno ya wakati huo. Ilikuwa bei ambayo mtoto wa fundi viatu aliweza kuichanga, na wasiokuwa nayo walisubiri nakala ya jirani ipite mkono hadi mkono.

Mwanzoni ilitegemea sana michoro ya Waingereza, hasa Walter Booth na Reg Perrott. Baadaye wakaja Wahispania, na miongoni mwao Jesús Blasco, aliyemleta Cuto, kijana mdogo anayeingia kwenye hatari za watu wazima. Wareno walimpenda Cuto kiasi kwamba mwaka 1971, miaka mingi baada ya *O Mosquito* kufa, lilianzishwa jarida lililopewa jina lake, *Jornal do Cuto*.

Karatasi ilipokuwa adimu wakati wa Vita Kuu ya Pili, jarida lilipunguzwa ukubwa, lakini likaanza kutoka mara mbili kwa wiki. Mtoto alipata toleo dogo, ila akasubiri siku chache tu badala ya wiki nzima. Kwangu huo ni uamuzi wa mhariri aliyewajua wasomaji wake.

Toleo la mwisho, namba 1412, lilitoka tarehe 24 Februari 1953.

Mbona maneno yako chini ya picha, si ndani ya viputo?

Ndivyo ilivyokuwa desturi katika majarida mengi ya Ulaya. Hata pale mchoro wa asili ulipokuwa na viputo, mara nyingi vilifutwa na maneno yakaandikwa upya chini ya picha. Katika *O Mosquito* kazi hiyo ilikuwa ya Raul Correia, na hakuwa mtafsiri tu. Alinenepesha hadithi kwa Kireno kizito, chenye mdundo. Wasomaji wake walikuja kukiri utu uzimani kwamba walijifunza lugha yao pale, chini ya picha za mapigano ya panga. Usiyaruke maneno hayo ukikimbilia michoro. Utakuwa umesoma nusu ya hadithi.

Eduardo Teixeira Coelho ni nani?

Ni mchoraji mkubwa kuliko wote waliopita katika majarida haya. Hilo nalisema bila kusita. Alizaliwa Angra do Heroísmo, katika visiwa vya Azores, tarehe 4 Januari 1919, akafariki Florence, Italia, tarehe 31 Mei 2005. Alitia sahihi kwa herufi tatu, ETC. Katika miaka ya 1940 alichora *O Mosquito* kwa kasi ambayo ni vigumu kuiamini unapoona ubora wake: farasi wenye misuli, tanga zilizojaa upepo, vitambaa vinavyoanguka kama vitambaa halisi. Baadaye alihamia Ufaransa na kuchora hadithi za Ragnar, shujaa wa Kiviking, katika jarida la *Vaillant*.

Kazi yake inayotugusa sisi moja kwa moja ni *O Caminho do Oriente*, maana yake "Njia ya Mashariki", iliyotoka kwa mfululizo katika *O Mosquito* kati ya 1946 na 1948, maneno yakiwa ya Raul Correia. Shujaa ni kijana aitwaye Simão Infante, naye yumo katika safari ya Vasco da Gama kwenda India.

Sasa fikiri. Mtoto wa Lisbon wa mwaka 1947 alisubiri kwa hamu meli zile ziendelee mbele. Huku mwambao zilikoelekea ni kwetu. Zilitia nanga Kisiwa cha Msumbiji Machi 1498, zikafika Mombasa Aprili, kisha Malindi, ambako Gama alipewa rubani wa kumvusha bahari, na tarehe 20 Mei akawasili Calicut. Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwemo melini, inasimulia kwamba Gama aliwadondoshea mateka wawili mafuta ya moto mwilini ili waseme Mombasa imepanga nini. Inasimulia pia watu wa Mombasa walioogelea usiku, kimyakimya, wakijaribu kukata kamba za nanga.

Kwangu waogeleaji wale ni mashujaa wa hadithi ya mikasa kama mwingine yeyote. Hawakuwa na jarida la kuwachora.

Kwa hiyo majarida haya yalikuwa ya kikoloni?

Ndiyo, mengi yalikuwa hivyo. Ureno ya wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Estado Novo, uliodumu kuanzia 1933 hadi mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, nao ulijivunia himaya kuliko kitu kingine. Katika kurasa hizi Mwafrika mara nyingi ni mbeba mizigo, ni mtu wa kuokolewa, au ni adui mwenye mkuki. Waarabu na Waswahili wanatajwa kwa jina moja tu, *mouros*, na kazi yao katika hadithi ni kuwa wasaliti.

Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakizichapisha picha hizi mtandaoni kama mapambo bila neno lolote. Mstari uliochorwa kwa ustadi hauondoi kilichochorwa. Mimi naupenda mkono wa Coelho na nalikataa jicho lililomwongoza. Mtoto nikimwonyesha kurasa hizo, humwonyesha pia ramani na kumwambia meli hizi zilipofika, nani alikuwepo, na nini kilifuata: ngome ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, na Wareno kutolewa humo 1698.

Ni kweli Tintin alizungumza Kireno mapema kuliko lugha nyingine za kigeni?

Ni kweli. Tintin ni kijana shujaa wa katuni za Ubelgiji, na Ureno ilikuwa nchi ya kwanza isiyozungumza Kifaransa kumchapisha. *O Papagaio*, jarida la Kikatoliki lililoongozwa na Adolfo Simões Müller, lilianza naye tarehe 16 Aprili 1936, toleo namba 53, na lilimchapisha kwa rangi wakati kwao Ubelgiji bado alikuwa mweusi na mweupe. Jina lake likawa Tim-Tim, mbwa wake akaitwa Rom-Rom, na yeye mwenyewe akageuzwa kuwa mwandishi wa habari Mreno anayetumwa na *O Papagaio*.

Halafu kuna jambo ambalo wasomaji wa Kongo wanapaswa kulijua. Hadithi ya Tintin nchini Kongo, ile inayowachora Wakongo kwa dharau, ilipofika Lisbon mwaka 1939 iliitwa *Tim-Tim em Angola*. Picha zilikuwa zilezile na watu walewale. Lilibadilishwa jina la koloni tu, ili mtoto Mreno aone ni la kwao. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi michoro ile isivyokuwa na habari yoyote ya kweli kuhusu Kongo: ingekuwa nayo, isingehamishwa kirahisi hivyo.

Kwa nini mashujaa wa Kimarekani wana majina ya Kireno?

Kwa sababu ya ukaguzi wa serikali. Mwaka 1950 idara ya udhibiti ilitoa maagizo kuhusu maandishi ya watoto: ukatili upunguzwe, mavazi yawe ya heshima, na mambo ya kigeni yasitawale. *Mundo de Aventuras*, iliyoanza tarehe 18 Agosti 1949 chini ya kampuni ya uchapishaji ya Agência Portuguesa de Revistas, ilikuwa imejaa mashujaa wa Marekani, kwa hiyo ikalazimika kuwabatiza. Johnny Hazard akawa João Tempestade. Rip Kirby, mpelelezi mwenye miwani wa mchoraji Alex Raymond, akawa Rúben Quirino. Bastola zilifutwa mikononi mwa watu, na ukiangalia kwa makini utaona ngumi iliyokunja hewa.

Kwa mkusanyaji hii ni bahati ndani ya balaa. Jina la shujaa na bastola iliyofutwa vinaweza kukusaidia kukisia enzi ya ukurasa uliokatwa, hata kama tarehe imepotea. *Mundo de Aventuras* yenyewe ilidumu hadi Januari 1987, maisha marefu kwa jarida lolote.

Na Brazili?

Brazili ni hadithi nyingine, na kubwa. *O Tico-Tico* ilianza tarehe 11 Oktoba 1905, Rio de Janeiro. Ilikuwa jarida la kulea watoto wenye adabu zaidi kuliko la mikasa. Mhusika wake maarufu, Chiquinho, alikuwa Buster Brown, mtoto wa katuni za Marekani, aliyevishwa uraia wa Brazili.

Mikasa yenyewe iliingia na Adolfo Aizen. Alisafiri Marekani, akaona nyongeza za katuni ndani ya magazeti, akarudi na wazo. Tarehe 14 Machi 1934 gazeti la *A Nação* likatoa *Suplemento Infantil*, ambalo baadaye likawa *Suplemento Juvenil* linalojitegemea. Shujaa wa anga Flash Gordon alikuwa ameanza Marekani Januari ya mwaka huohuo. Vijana wa Rio wakampata kabla mwaka haujaisha, na kurasani humo walikutana pia na Mandrake, Tarzan na Jim das Selvas. Jarida lilifikia hatua ya kutoka mara tatu kwa wiki.

Roberto Marinho wa gazeti la *O Globo* alipoona hivyo akaanzisha *O Globo Juvenil* tarehe 12 Juni 1937, kisha *Gibi* tarehe 12 Aprili 1939, na akachukua kutoka kwa Aizen haki za mashujaa wengi. Aizen hakuzimika. Mwaka 1945 alianzisha EBAL, iliyokuja kuwa nyumba kubwa ya uchapishaji wa katuni Brazili.

Usiipite São Paulo bila kuisoma *A Garra Cinzenta*, "Kucha ya Kijivu", ya Francisco Armond na mchoraji Renato Silva. Ilitoka katika *A Gazetinha* kati ya 1937 na 1939: mhalifu mwenye uso wa fuvu la kichwa, maabara za chini ya ardhi, kurasa mia moja za giza. Ni kazi ya Wabrazili wenyewe, katika miaka ambayo wahariri wengi waliona ni nafuu kununua za Marekani.

"Gibi" maana yake nini?

Leo Brazili neno hili ni jarida lolote la katuni, na jambo la ajabu husemwa *não está no gibi*, yaani hata kwenye katuni halimo. Lakini mwaka 1939 neno lilimaanisha mtoto mweusi wa mtaani, na mtoto huyo alichorwa kwenye jina la jarida. Lilikuwa neno la kudharau. Wengi wanaolitumia leo hawajui lilikotoka, nami naona ni haki lijulikane.

Ureno hawasemi gibi. Zamani walisema *histórias aos quadradinhos*, hadithi za vijisanduku; baadaye wakachukua *banda desenhada* kutoka Kifaransa, na hufupishwa BD. Brazili ni *quadrinhos*. Ukitafuta kwa neno lisilo la nchi husika utakosa nusu ya vitu.

Sijui Kireno. Nitaelewa?

Utaelewa zaidi ya unavyodhani. *Bandeira* ni bendera, *mesa* ni meza, *vinho* ni mvinyo, *carta* ni karata, *lenço* ni leso. Maneno haya Wareno waliyaacha mwambao, na utayakuta yakikusubiri ukurasani. Anza na toleo la miaka ya 1970 lenye viputo vifupi. Maneno marefu ya Raul Correia yaache mpaka umezoea. Tahajia ya majarida ya zamani inatofautiana na ya leo, kwa hiyo neno usiloliona kwenye kamusi lijaribu bila herufi zake pacha.

Nitajuaje nilicho nacho ni toleo gani?

Angalia vitu vinne: namba ya toleo, mwaka wa jarida (*Ano*, kwa kawaida kwa namba za Kirumi), tarehe na bei. Ureno bei ni kwa escudo, na alama ya dola husimama katikati: 1$50 ni escudo moja na sentavo 50. Wageni wengi huona alama hiyo wakadhani ni jarida la Marekani.

Tahadhari na *Mundo de Aventuras*: mwaka 1973 ilianza kuhesabu upya, kwa hiyo namba 100 zipo mbili, zikitofautiana miaka mingi.

Ninunue yaliyojalidiwa pamoja au matoleo yaliyo peke yake?

Kwa kusoma, yaliyojalidiwa. Kwa kuhifadhi, yawe peke yake. Wajalidi wa zamani walikata kingo ili kurasa zilingane, na mara nyingi walitupa majalada na karatasi za kuunda. Niliwahi kununua kitabu kinene cha matoleo ya *O Mosquito* kwa njia ya posta, nimelipa pesa ambayo ilinichukua miezi kuiweka. Kilipofika, nikakuta aliyekijalidi amezichomoa kurasa za Coelho zote, moja baada ya nyingine, kwa wembe. Mtu alizipenda, nadhani, akazitundika ukutani. Hadithi zilizobaki zinaishia katikati na sitazijua mwisho wake.

Tafadhali usikate. Mchoro mmoja kwenye fremu ni mzuri, lakini kilichokuwa kabla yake na baada yake ndicho kilichowafanya watoto wapange foleni.

Nayahifadhije, hasa nikiishi pwani?

Karatasi hii ni ya rojo ya mbao, ile ya magazeti, na ina asidi inayoila kutoka ndani. Mwanga na joto huharakisha. Unyevu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar huleta ukungu na kutu. Yalaze bapa, usiyasimamishe. Tumia sanduku la karatasi isiyo na asidi kama unaweza kulipata. Kama huwezi, funga kwa karatasi nyeupe safi na ubadilishe ikianza kugeuka rangi. Usiyafunge kabisa ndani ya nailoni, yatatoka jasho. Weka vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Pini za chuma zilizoanza kutu zitolewe taratibu kwa mkono, na kurasa zishikwe kwa uzi wa pamba. Fungua sanduku kila baada ya wiki chache: wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanapenda wanga ulio kwenye gundi, na wanapenda zaidi sanduku lisilofunguliwa.

Naweza kuziba palipochanika kwa selotepu?

Hapana. Kamwe.

Nitayasoma wapi bila kununua?

Maktaba ya Taifa ya Brazili imeweka *O Tico-Tico* mtandaoni katika hifadhi yake ya magazeti, bure. Ukifika Lisbon, nenda Maktaba ya Taifa na Hemeroteca Municipal, hifadhi ya magazeti ya jiji, na Bedeteca, maktaba ya katuni iliyofunguliwa Olivais mwaka 1996. Amadora, mji jirani, kuna tamasha kubwa la katuni kila mwaka. Brazili kuna Gibiteca, maktaba ya katuni ya Curitiba, iliyoanza 1982. Wa kununua Lisbon wapite Feira da Ladra, soko la vitu vikuukuu la Jumanne na Jumamosi, na wawaulize wauza vitabu vya zamani, wanaoitwa *alfarrabistas*. Fika asubuhi.

Naruhusiwa kuskani na kusambaza?

Jarida ulilonunua ni lako. Haki ya michoro si yako. Ureno na Brazili hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Coelho alifariki 2005, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2075. Skani kwa matumizi yako na kwa usalama wa kurasa zinazovunjika. Usichapishe fulana.

Nianze na lipi?

Usianze na la gharama. Chukua matoleo kumi yanayofuatana ya *Mundo de Aventuras* au *Tintin* la Kireno. Hilo la pili lilitoka kwa wingi kuanzia 1968 hadi 1982 na bado linapatikana. Kufuatana ndiko muhimu kuliko umri au shujaa aliye kwenye jalada. Kisha jiwekee sharti: toleo moja kwa wiki, siku ileile. Ukifika kwenye *Continua*, lifunge, lirudishe sandukuni, na usiguse linalofuata mpaka siku yake ifike.